Shukrani kwa Wasaidizi wa Wauguzi

(Hotuba iliyosomwa na mjumbe wa afya mbele ya mkutano wa jumuiya, Dzaleka)



Kamati imenipa nafasi niseme neno juu ya wasaidizi wa wauguzi. Daktari tunamjua kwa jina, na muuguzi tunamwita sista. Lakini yule anayempima mtoto uzito, anayebadilisha shuka na kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, huyo tunamwita "wewe".

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza. Iliandaliwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000, na kituo cha afya tunakitumia pamoja na wenyeji wetu wa Dowa. Muuguzi anasema Kichewa, mama mgonjwa anasema Kirundi au Kiswahili. Bila msaidizi wa kutafsiri, homa ya siku tano itaandikwa homa ya jana.

Tukumbuke kipindupindu kilichoanza Malawi Machi 2022, kikaua watu zaidi ya 1,700 nchini. Mgonjwa wa namna hiyo huokolewa na maji ya chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe, na mtu aliye tayari kukaa kando ya ndoo usiku kucha.

Wengi wa wasaidizi hapa ni wakimbizi wenzetu. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti juu ya ajira. Kwa hiyo mkimbizi kwa kawaida hupata posho, siyo mshahara. Na sisi je, tunawapa nini? Foleni ikichelewa, matusi yanawaangukia wao. Shukrani ya punda ni mateke. Tusiwe punda.

Naomba mambo matatu. Kwanza, matusi yakome. Pili, ndugu wa mgonjwa alete sabuni na afue nguo za mgonjwa wake. Tatu, Kamati imwandikie kila msaidizi barua inayotaja kazi na miaka yake, ili siku akirudi kwao au akihamishiwa nchi nyingine asianze upya kama mtu asiyejua kitu.

Wasaidizi mliopo, simameni tuwaone. Ndugu zangu, tuwapigie makofi.