Mazungumzo juu ya Cherehani ya Kuchukua Safarini

Wamama na wababa wa Alunguli, na ninyi mnaokaa Kailo, Kalima, Pangi na vijiji vya katikati, leo hatutasema habari ya mpunga wala ya michikichi. Tutasema habari ya cherehani. Labda mtu atauliza: Cherehani na shamba vina udugu gani? Udugu wake ni huu: fedha ya kununulia cherehani hutoka shambani. Fedha ya mpunga ikitumika vibaya, ni kama mpunga ulioliwa na ndege. Kwa hiyo yafaa tusemezane kabla ya fedha kutoka mkononi.

Ninyi mnajua mambo ya machimbo. Kampuni ya SOMINKI iliundwa mwaka 1976, na watu wengi wa Kalima walikula kwa kazi yake. Mwaka 1985 bei ya bati katika dunia ilianguka kwa ghafula, na kazi ikapungua. Hata leo kijana akitoka shimoni na fedha nyingi mwezi huu, mwezi ujao huenda akatoka na matope tu. Basi nyumba yenye kazi ya pili haitetemeki sana. Kushona ni kazi ya pili iliyo njema. Haingoji bei ya bati, wala haingoji mvua.

Wamama wengi sasa wanataka kujifunza kushona mifarishi, yaani mablanketi ya viraka. Vipande vya vitenge vinavyobaki kwa mafundi huunganishwa, katikati hutiwa blanketi kuukuu, na chini huwekwa kitambaa kingine. Kitu hiki ni chema sana kwa watoto wakati wa kiangazi, usiku unapokuwa na baridi. Tena huuzwa. Lakini mwalimu wa kushona ni mmoja, na vijiji ni vingi. Haifai wanafunzi ishirini watembee siku nzima kumfuata mwalimu mmoja. Mwalimu ndiye atakayewafuata, na cherehani itakwenda naye. Hapa ndipo shida inapoanza.

FIKIRI NJIA KWANZA

Mwataka kujua cherehani gani ni nzuri? Msiulize hivyo. Ulizeni: Itapita njia gani?

Sisi wa Alunguli tunakaa ukingo wa kuume wa mto, upande wa mashariki. Stesheni ya gari la moshi na maduka makubwa ya Kindu yako ng'ambo, upande wa Kasuku. Basi cherehani ikinunuliwa ng'ambo, itashuka mpaka ukingoni, itaingia mtumbwini, itapanda ukingo wetu wenye utelezi, ndipo ifungwe juu ya baiskeli au pikipiki. Mahali penye daraja bovu, mtu ataibeba kichwani. Yote hayo kabla haijashona hata kiraka kimoja.

Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji atakuambia kwamba mashine yake ni nyepesi, kwa sababu si yeye atakayeibeba. Usimwamini. Fanya hivi: chukua bidoni, tia maji lita 12. Maji hayo yana uzito wa kilo 12. Yabebe toka gatini mpaka nyumbani kwako, bila kupumzika mara nyingi. Ukiweza, unaweza kuchukua mashine ya kilo 12. Ukishindwa, punguza maji mpaka uweze. Sasa umejua kipimo chako wewe mwenyewe.

NAMNA NNE ZA CHEREHANI

Namna ya kwanza ni cherehani ya miguu, yenye meza na kanyagio la chuma. Hii hushona vizuri, na mikono yote miwili huwa huru kuongoza kitambaa. Lakini meza na chuma chake ni mzigo wa watu wawili. Ni mashine ya kukaa kibarazani, si ya safari.

Namna ya pili ni cherehani ya mkono. Kichwa chake ni cha chuma, kimekaa juu ya ubao, na pembeni kuna mkono wa kuzungusha. Singer walizitengeneza kwa miaka mingi, na Wachina na Wahindi nao wakatengeneza. Iliyo kubwa, pamoja na ubao na kifuniko, mara nyingi hufika kilo 15 hivi. Ziko na nyingine zilizo ndogo kuliko hiyo. Haitaki umeme hata kidogo.

Namna ya tatu ni cherehani ya umeme ya kuchukua. Zamani, mwaka 1933, Singer walianza kuuza mashine ndogo ya alumini, jina lake 221, yenye kilo 5 tu. Washona mifarishi wa Marekani waliipenda, na hata leo wanaitafuta. Ziko na mashine mpya zenye mwili wa plastiki, kilo 5 au 6. Kwa uzito hakuna ubaya. Lakini zote zataka umeme. Tena ndugu aliye Marekani akikuletea mashine, tazama kibao chake cha chini. Ikiandikwa volti 110, usiichomeke katika umeme wetu wa volti 220. Mota itaungua mara moja, na zawadi itakuwa majivu. Penye umeme wa jua nako, hesabu kwanza: mashine ya namna hii mara nyingi hutaka wati 70 mpaka 100 inapofanya kazi, pamoja na chombo cha kugeuza umeme wa betri. Vitu hivyo navyo hubebwa.

Namna ya nne ni vile vimashine vidogo vya plastiki vinavyotumia betri za tochi. Mtoto anaweza kukibeba. Lakini kikikutana na vitambaa viwili na blanketi katikati, hulia na kusimama. Vingine hutumia uzi mmoja tu, wala havina bobini chini. Ukikata uzi mahali pamoja na kuuvuta, mshono wote hufumuka. Msipoteze fedha yenu kwa vitu hivi.

Basi shauri langu ni lipi? Kwa mwalimu wa safari, mahali pasipo umeme wa hakika, cherehani ya mkono iliyo ndogo ndiyo ifaayo. Ni nzito kuliko ile ya plastiki, kweli. Lakini mashine nyepesi isiyoweza kushona kijijini ni mzigo mzito kuliko yote, maana umeibeba bure. Kama vijiji vyako vyote vina umeme wa kweli, hapo chukua ya umeme, upumzishe shingo yako.

Mtu atasema: Mashine ya mkono hufunga mkono mmoja, mwanafunzi ataongozaje kitambaa? Dawa yake ni rahisi. Waketi wawili wawili. Mmoja anazungusha, mwenzake anaongoza kwa mikono miwili, halafu wanabadilishana. Anayezungusha hujifunza pia, kwa kuwa macho yake yako kwenye sindano.

USINUNUE KWA MACHO

Rangi nyeusi inayong'aa na maua ya dhahabu havishoni. Siku ya kununua, nenda na vitu vyako mwenyewe: uzi wako, mkasi wako, vipande vya kitenge, na kipande cha blanketi kuukuu. Kisha fanya haya:

1. Zungusha gurudumu polepole bila uzi. Lizunguke sawasawa. Likikwama mahali pamoja kila mara, au ukisikia chuma kikigonga chuma, rudisha.

2. Tazama meno yaliyo chini ya sindano, yanayosukuma kitambaa. Yaguse kwa kidole. Yakiwa yamelika na kuwa laini, hayatavuta kitu kizito.

3. Inua mguu unaobana kitambaa, uingize kitenge, blanketi, na kitenge tena. Visipoingia chini ya mguu, mashine hii si ya mifarishi.

4. Shona mstari wa urefu wa mkono. Tazama juu, kisha geuza utazame chini. Mshono uwe sawa pande zote mbili. Ukiona vitanzi chini, huenda uzi wa juu haukubanwa vema. Mwambie muuzaji aupitishe tena na kuukaza mbele yako. Vitanzi visipokwisha, acha.

5. Kata uzi mmoja katikati ya mshono, uvute kitambaa. Mshono mzuri wa nyuzi mbili haufumuki wote.

6. Toa sindano na bobini, nenda nazo kwa wauza vifaa sokoni. Waulize kama wanazo za namna hiyo. Sindano ya kawaida ina upande mmoja bapa juu. Mashine nyingine za zamani zina sindano za peke yake. Sindano yake ikikosekana Kindu, mashine hiyo ni chuma cha kuzuia mlango.

Tena nunua sindano za akiba siku ileile: namba 90 kwa vitenge, na namba 100 kwa mfarishi mnene. Sindano moja ikivunjika kijijini bila ya pili, somo limekwisha.

KAZI KUBWA, MASHINE NDOGO

Sasa nisemeje juu ya mfarishi mkubwa? Cherehani ndogo ina nafasi ndogo kati ya sindano na nguzo yake. Blanketi zima likikunjwa halipiti hapo. Watu wengi kwa sababu hii hununua mashine kubwa, halafu huiacha nyumbani. Haina lazima. Usikuze mashine, punguza kazi.

Kata vitambaa vya juu na vya chini, miraba ya sentimeta 32. Blanketi la katikati kata sentimeta 30, uliweke katikati, ili ukingo ubaki mwembamba. Kila mraba ushonwe peke yake, mistari toka pembe mpaka pembe, mpaka vitambaa vishikamane. Kisha unganisha miraba mitano iwe mstari mmoja, ukishona sentimeta moja ndani ya ukingo. Mistari sita ikiunganishwa, una mfarishi wa sentimeta 150 kwa 180. Unapouunganisha, lile fungu kubwa lililokwisha kushonwa likae upande wa kushoto wa sindano siku zote, na ule mstari mpya mwembamba ndio upite ndani, chini ya mkono wa mashine. Mwisho funika mishono ya nyuma kwa utepe wa kitambaa.

Hesabu yake ni miraba 30. Wanafunzi kumi, kila mmoja miraba mitatu. Mwalimu akiondoka na cherehani yake, wao hukata na kupanga viraka nyumbani, na akirudi wako tayari. Hivyo mashine moja ndogo hulisha vijiji vitatu au vinne.

ULINZI WA SAFARI

Kabla ya kuondoka, toa sindano. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya mguu, uushushe. Funga mkono wa kuzungusha usicheze. Funika mashine kwa karatasi ya nailoni, kisha itie katika sanduku la mbao lenye matambara pembeni. Ndani ya mtumbwi iketi chini katikati, juu ya ubao, isiguse maji. Juu ya baiskeli ifungwe kwa kamba mbili.

Ukifika, ifungue upesi, uifute. Unyevu wa msitu huleta kutu usiku mmoja. Tia matone machache ya mafuta ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi, mahali penye matundu yake. Lakini sikilizeni sana neno hili: msitie mawese! Mawese ni chakula chema, lakini ndani ya mashine huganda kama gundi, na vumbi hushika humo. Mashine iliyotiwa mawese itakaza mpaka isizunguke. Hata mafuta ya pikipiki ni mazito mno.

NENO LA MWISHO

Wamama wa likelemba, neno hili ni lenu hasa. Mnapotoa fedha kila juma ili kununua mashine ya pamoja, si fedha tu mnayotoa. Mnatoa imani. Mashine ikiharibika mwezi wa kwanza, kila mmoja ataanza kumtazama mwenzake kwa jicho baya, na yule aliyetumwa kununua hatapata amani tena. Kwa hiyo msimtume mtu mmoja. Tumeni watatu: mmoja ajuaye kushona, mmoja ajuaye kuhesabu, na mmoja atakayeibeba. Na huyo wa tatu awe na haki ya kukataa. Shingo ni yake.

Tena andikeni kabla ya kununua: nani ataitunza, italala wapi, na fedha kidogo ya sindano na mafuta itatoka wapi. Jembe huchaguliwa kwa ardhi yake, na mtumbwi kwa maji yake. Cherehani nayo ichaguliwe kwa njia yake. Mkifanya hivyo, mto hautawazuia, wala kilima. Nendeni mkafikiri pamoja, na mwenye swali asione haya kuuliza.