Chakula Kinapokwama Njiani: Kazi ya Kamera ya Tumbo

Leo tutazungumza juu ya shida ambayo watu wengi huificha hata kwa jamaa zao: shida ya kumeza chakula. Tutaeleza pia kipimo ambacho wengi wanakiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Kipimo hicho huitwa endoskopi, na wengine hukiita kamera ya tumbo.

Tuchukue mfano wa mama mmoja, muuza mboga sokoni. Mwanzo wake ulikuwa tonge la ugali lililokwama kifuani. Alikunywa maji, likashuka, akasahau. Baada ya majuma kadhaa hata maji yenyewe yakawa yanasimama njiani. Usiku akilala, uji alioukunywa jioni humrudia mdomoni, tena bila uchungu wowote, kama vile alivyoumeza. Huamka akikohoa na kupaliwa. Kwenye duka la dawa aliambiwa ana vidonda vya tumbo, akauziwa dawa za kutuliza asidi. Jirani akamnong'oneza kwamba amerogwa. Kikohozi kikatibiwa kama homa ya mapafu, kikapoa, kisha kikarudi. Miezi ikapita, nguo zikaanza kumpwaya. Siku hizi haendi harusini wala matangani, kwa sababu anaona haya kula mbele za watu.

Je, msikilizaji, mama huyu anaugua nini? Pengine umemfahamu mtu wa namna hiyo, na pengine ulidhani unajua jibu. Lakini kwa kumtazama na kumsikiliza tu hakuna awezaye kusema kwa hakika. Magonjwa kadhaa hubisha hodi kwa dalili hiyo moja. Mengine ni mabaya sana, mengine yanatibika vizuri. Ndiyo sababu lazima mtu aingie ndani akaone.

Kwanza tuelewe njia yenyewe. Kutoka kooni hadi tumboni kuna mrija wa nyama uitwao umio. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 25. Chakula hakianguki ndani yake kama jiwe kisimani. Misuli ya umio hujibana kwa zamu, kutoka juu kwenda chini, ikikisukuma. Mwishoni kuna msuli wa mviringo, mfano wa mlango. Ukimeza, mlango hufunguka. Chakula kikishapita, hujifunga ili asidi ya tumbo isipande juu. Basi shida ya kumeza inaweza kutokana na kitu kilichoziba njia, au njia iliyonywea, au mlango uliokataa kufunguka.

Sasa, endoskopi ni nini? Ni mpira mwembamba unaopindika, unene wake kama kidole kidogo, wenye taa na kamera kwenye ncha. Daktari huupitisha mdomoni, akaona umio, tumbo na mwanzo wa utumbo kwenye runinga iliyo mbele yake. Ndani ya mpira huo mna tundu dogo la kupitishia vifaa. Kwa hiyo daktari anaweza kuchukua kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara, na mara nyingine kutibu papo hapo bila kumpasua mgonjwa.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1868 daktari Mjerumani aliyeitwa Adolf Kussmaul alipitisha bomba gumu la chuma hadi tumboni mwa mtu aliyekuwa akijipatia riziki kwa kumeza panga mbele za watu. Ni nani mwingine angeliweza kulimeza? Mwaka 1957 huko Marekani, Basil Hirschowitz alijaribu mpira unaopindika, wenye nyuzi za kioo za kupitisha mwanga, na wa kwanza kuumeza alikuwa yeye mwenyewe. Mpira wa siku hizi ni laini na mwembamba, wala hauhitaji mmeza panga.

Turudi kwa yule mama. Daktari akitazama kwa kamera anaweza kukuta nini?

La kwanza ni saratani ya umio. Hapa kwetu Kenya ugonjwa huu si mgeni, hasa magharibi na kusini mwa Bonde la Ufa. Hospitali ya Tenwek katika Kaunti ya Bomet imewaona wagonjwa wengi sana wa saratani hiyo, wakiwemo vijana wasiofika miaka 30. Kwa hiyo usiseme, "Mimi bado kijana, haiwezi kuwa hiyo." Kwa kawaida hukwamisha kwanza vyakula vigumu kama nyama na ugali, kisha vyakula laini, na mwisho maji. Ikigunduliwa mapema inaweza kutibiwa kwa nia ya kuiponya. Ikigunduliwa imechelewa, daktari anaweza kutumia kamera kuweka kibomba cha wavu wa chuma kinachotanuka na kuiacha njia wazi, ili mgonjwa aweze kula na kunywa. Kibomba hicho hakiponyi saratani, lakini humrudisha mtu mezani pamoja na jamaa zake, na hilo si jambo dogo.

La pili ni kovu. Huwapata zaidi watoto wanaokunywa magadi makali ya kutengenezea sabuni, kwa sababu mtu mzima aliyaweka kwenye chupa ya soda. Magadi hayo huunguza umio, na kidonda kikipona huacha kovu linaloibana njia. Daktari hulipanua kidogo kidogo kwa kamera, mara nyingi kwa safari kadhaa za hospitali. Mtoto akimeza kitu kama hicho, usimtapishe. Kitakachotoka kitamuunguza mara ya pili. Mkimbize hospitalini, na uende na chupa yenyewe.

La tatu ni ugonjwa adimu ambao wengi hatujausikia. Huitwa akalasia. Kila mwaka humpata takriban mtu mmoja katika kila watu 100,000. Katika akalasia, neva zinazoamuru ule mlango wa chini hufa, na umio hupoteza nguvu ya kusukuma. Mlango unabaki umefungwa. Hakuna uvimbe, hakuna kovu, ila chakula hujikusanya juu ya mlango kama watu waliofungiwa nje ya lango la kiwanja. Umio hutanuka, na usiku mtu akilala chakula hicho hurudi na kuingia mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa hukohoa usiku na kupata homa ya mapafu mara kwa mara. Dalili moja inayomfanya daktari aufikirie ugonjwa huu ni kwamba chakula kigumu na maji pia husumbua tangu siku za mwanzo.

Je, unaona jinsi hadithi ya yule mama inavyofanana na akalasia? Hata hivyo daktari mzuri hatakata shauri kwa kufanana tu, kwa sababu saratani iliyojificha karibu na mlango huo inaweza kujifanya akalasia. Kamera ndiyo itakayotafuta uvimbe, na kipande cha nyama kitapelekwa maabara. Ila kamera nayo ina mipaka. Akalasia ikiwa changa, umio unaweza kuonekana mzima kabisa. Kwa hiyo mgonjwa hunyweshwa dawa nyeupe iitwayo bariamu na kupigwa eksirei. Mara nyingi picha huonyesha umio mpana juu, uliochongoka chini kama mdomo wa ndege. Pale penye vifaa, hupitishwa pia mpira wa kupima nguvu ya misuli, na hicho ndicho kipimo kinachotoa uhakika zaidi.

Na tiba ipo? Ndiyo, ipo. Mwaka 1674 daktari Mwingereza Thomas Willis alieleza habari za mgonjwa aliyeshindwa kumeza, akamtengenezea kijiti cha mfupa wa nyangumi chenye sponji kwenye ncha ili asukume chakula chake mwenyewe. Leo tunazo njia bora zaidi. Daktari anaweza kupitisha puto kwa msaada wa kamera, akalijaza hewa mlangoni ili kuulegeza ule msuli. Njia nyingine ni upasuaji wa kuukata msuli, uliofanywa kwanza na Mjerumani Ernst Heller mwaka 1913, na ambao siku hizi hufanywa kwa matundu madogo tumboni. Njia ya tatu ni mpya. Mwaka 2008 huko Japani, Haruhiro Inoue alianza kuukata msuli huo kwa kupitia mdomoni, kwa kamera, bila kovu lolote la nje.

Tuseme ukweli: neva zilizokufa hazirudi. Tiba hizi huufungua mlango tu. Huenda ukahitaji kurudia tiba baada ya miaka, na asidi inaweza kupanda kwa kuwa mlango sasa uko wazi. Puto nalo huweza kupasua umio, ingawa si mara nyingi, kwa hiyo mgonjwa huangaliwa kwa saa kadhaa kabla ya kwenda nyumbani. Pamoja na hayo, wengi waliokuwa wakiishi kwa vikombe vya uji hurudi kula ugali na sukuma wiki.

Kabla hatujaacha habari za umio, liko jambo moja lisilohusu kukwama. Mtu akitapika damu, au akienda haja kubwa nyeusi kama lami, asingoje hata saa moja. Huenda mishipa ya damu ndani ya umio imevimba na kupasuka kwa sababu ya ini lililoharibika. Sababu mojawapo ni kichocho cha tumbo, ambacho kipo kandokando ya Ziwa Victoria na katika mashamba ya mpunga ya Mwea. Daktari huifunga mishipa hiyo kwa vipete vya mpira kupitia kamera hiyo hiyo, na damu ikakoma.

Sasa tuje kwenye hofu. Wengi husema, "Nitakosa hewa." La, hutakosa. Mpira unapita njia ya chakula, si njia ya hewa. Utaendelea kupumua kama kawaida. Utapuliziwa dawa ya kutia ganzi kooni, na pengine utadungwa dawa ya usingizi mwepesi. Utalala ubavu wa kushoto, ukiuma kifaa kidogo cha kulinda meno na mpira. Utahisi kichefuchefu na kujaa hewa tumboni. Kutazama peke yake huchukua kama dakika 10 hivi. Tiba huchukua muda zaidi.

Nenda ukiwa na njaa. Kwa kawaida usile kwa saa 6 kabla ya kipimo, na maji usinywe kwa saa 2. Lakini kama chakula hukaa kifuani, mwambie daktari mapema, kwa sababu huenda akakutaka ukae na vinywaji tu kwa siku nzima au zaidi. Mweleze dawa zote unazotumia, hasa za kisukari na za kuzuia damu kuganda, na kama una mimba. Vua meno ya bandia. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, na ukidungwa dawa ya usingizi usiendeshe gari wala bodaboda siku hiyo. Baadaye ukipata maumivu makali ya kifua, homa, shida ya kupumua au shingo kuvimba, rudi hospitalini mara moja.

Kamera haipatikani kila zahanati. Utakapofika zahanati au hospitali ya kaunti, eleza dalili zako kwa utaratibu, kisha uliza waziwazi: "Je, ninahitaji endoskopi, na ni wapi mtanituma?" Uliza gharama pia kabla ya kusafiri, na kiasi ambacho bima italipa. Kumbuka kwamba tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali iko chini ya SHA badala ya NHIF, kwa hiyo hakikisha umejiandikisha.

Mpenzi msikilizaji, wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Kabla hatujaagana, shika haya:

Shida ya kumeza inayozidi majuma mawili si ya kutibiwa dukani. Nenda hospitalini.

Chakula kukwama pamoja na kukonda, kutapika damu au kikohozi cha usiku ni ishara ya hatari kwa kijana na kwa mzee.

Acha chai ipoe kidogo kabla ya kuinywa. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitaja vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kuwa huenda vinasababisha saratani ya umio. Tumbaku na pombe pia huongeza hatari.

Magadi makali yafungiwe mbali na watoto, na kamwe yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji.

Na kama nyumbani kwako yupo mtu ambaye siku hizi hula peke yake jikoni, au husema ameshiba kabla hajala, usimcheke wala usimlazimishe. Keti naye, umuulize polepole, "Chakula kinakwama wapi?" Huenda swali hilo likawa ndilo mwanzo wa kupona kwake.