Boti Inayong'aa

(Muziki wa kufungulia. Unashuka.)

MTANGAZAJI: Juzi tumepokea swali kutoka kwa kijana aliyezaliwa hapa hapa kambini, ambaye hajawahi kuliona ziwa. Anasema: "Baba yangu husimulia kwamba boti yake ilikuwa inang'aa kama kioo. Ubao unang'aaje wakati kila siku uko majini?" Leo tunaye mzee aliyekuwa fundi wa boti na mitumbwi upande wa Baraka na Kalemie, kule Kongo. Mzee, karibu.

FUNDI: Asante, mwanangu. Nawasalimu wote, wazee wenzangu, akina mama, na nyinyi vijana. Huyo kijana ameuliza vizuri na nitamjibu, lakini naomba nianze na jambo la aibu.

Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu, ufukweni Baraka. Nikiwa na miaka kama kumi na tisa hivi, alikuja tajiri mmoja na boti yake kuukuu. Akaniambia, "Sitaki uitengeneze. Nataka ing'ae. Jumamosi kuna mtu anakuja kuiona." Mjomba alikuwa safarini, na mimi nilitaka pesa. Nikaziba mashimo kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya mafuta ya buluu, mkono wa kwanza na wa pili. Ilipokauka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Lakini chini ya ile rangi kulikuwa na mbao mbili, karibu na mkuku, yaani ule ubao wa chini unaobeba boti nzima, zilizokuwa laini kama muhogo uliolowekwa. Nilikuwa nimeziona. Nilizigusa kwa vidole vyangu.

Boti iliuzwa, ikaondoka, sikusikia habari zake tena. Mjomba aliporudi akakuta kopo la puti ni tupu, akaniuliza limekwenda wapi. Sikumjibu. Mpaka leo, nikiona boti inang'aa sana, kabla sijaisifu natafuta kisu.

Sasa nimjibu kijana. Rangi ya boti ni kama ngozi yako. Kazi yake ni kuzuia maji yasiingie ndani ya ubao. Ubao unaolowa na kukauka, unalowa na kukauka, hupasuka. Na ule unaobaki na unyevu bila hewa huota ukungu, na ukungu huo ndio unaouozesha. Watu wengi hudhani boti huozea upande unaogusa ziwa. Mara nyingi huanzia ndani, pale maji ya mvua yanapotuama chini ya viti na kwenye kona za mataruma, zile mbavu za boti. Kwa hiyo mwenye boti anayepaka nje tu, na ndani anaacha maji na magamba ya samaki, anavaa koti safi juu ya shati lililooza.

Rangi inapong'aa, maana yake uso wake ni laini na haujapasuka, maji yanateleza na kuondoka. Kuna jaribio jepesi. Mwagia maji kidogo kwenye ubao uliopakwa. Yakijikusanya kuwa matone na kukimbia, rangi bado iko hai. Yakitulia, yakazama, na ubao ukawa mweusi mahali pale, rangi imekufa hata kama kwa mbali unaiona nzuri.

MTANGAZAJI: Na kazi yenyewe, mzee, hufanywa lini? Maana mvuvi yuko majini kila usiku.

FUNDI: Si kila usiku. Sisi wa Tanganyika tunavua ndagala kwa taa, hapa Tanzania wanaita dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haiwavuti samaki vizuri. Basi siku zile za mbalamwezi boti hupandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, na fundi anaitwa. Ukitaka kumkuta fundi wa boti hana nafasi hata ya kula, mtafute siku za mwezi mpevu.

Kwanza boti ioshwe na ikauke kabisa. Hapo ndipo haraka inapowaponza watu. Ukipaka rangi juu ya ubao wenye maji, jua likipiga, yale maji yanatafuta njia ya kutoka, na rangi inavimba malengelenge kama mtu aliyeungua. Baada ya wiki mbili unaibandua kwa ukucha.

Halafu tazama maungio. Kwetu, nafasi kati ya ubao na ubao huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta ya mawese, ikasukumwa ndani kwa patasi butu na nyundo. Kazi hiyo inaitwa kalafati. Pamba iliyooza itolewe, iwekwe mpya. Lakini mawese yana adabu yake: hayapatani na rangi. Yakimwagika juu ya ubao, rangi haitashika hapo. Osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, ufute kwa tina, ndipo uendelee. Nimeona vijana wakilaumu rangi ya dukani kuwa ni bandia, kumbe ni mawese ya fundi.

Msasa unaanza na ule mkali na kumaliza na ule laini, na unafuata mstari wa ubao. Usiukate njia panda, utaacha mikwaruzo ambayo rangi itaionyesha yote. Kisha rangi ya kwanza ya kushikia, halafu rangi ya mafuta mikono miwili myembamba, kila mmoja ukauke, na katikati upitishe msasa laini kidogo tu. Mkono mmoja mnene hukauka juu na kubaki bichi chini. Kwa kupaka tu, hiyo ndiyo siri yote. Msasa huchukua muda mrefu kuliko brashi, na mtu asiyependa msasa atafute kazi nyingine.

MTANGAZAJI: Na hizi boti za faiba, tunazoziona zinang'aa kuliko zote?

FUNDI: Hizo nilizijua Kalemie. Kwa mwaka mmoja kazi yangu ilikuwa kuosha boti moja ya faiba ya mfanyabiashara. Faiba haiozi kama ubao, lakini jua huila. Pitisha kiganja ubavuni mwake: ukitoka na unga mweupe kama chaki, ule ni uso wa boti unaokwenda na upepo. Iosheni kwa maji masafi na sabuni laini. Kisha ile dawa nzito ya kusugulia wanayotumia mafundi wa rangi za magari, kidogo kidogo kwa kitambaa, kwa kuzungusha, sehemu ndogo mpaka iishe ndipo uhamie nyingine. Mwisho ndiyo nta. Ipake nyembamba, ingoje ifanye ukungu, uifute kwa kitambaa safi. Fanyeni asubuhi na mapema au kivulini, kwa sababu juani nta hukaukia hapo hapo na kuacha mabaka. Na nta ni ya sehemu ya juu, isiyokaa majini.

Wapo wanaopaka mafuta ya kupikia. Boti inang'aa siku moja, siku ya pili imebeba vumbi lote la ufukweni. Wengine husugua kwa mchanga. Huyo anayesugua faiba kwa mchanga, mwacheni tu, atanunua nyingine.

MTANGAZAJI: Mzee, wasikilizaji watauliza: sisi hapa kambini hatuna ziwa wala boti. Tutajifunzia wapi?

FUNDI: Kwenye mpini wa jembe. Kwenye kiti, kwenye gongo la mgonjwa, kwenye kibao cha mbuzi ya nazi kama unacho. Ubao ni ubao. Mimi vijana wangu watatu hapa wanajifunza kwa mipini. Tunatumia nta ya nyuki, na mikoa hii ya Kigoma na Tabora ni nchi ya nyuki, nta inapatikana. Sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu au nne za mafuta ya kitani. Nta iyeyushwe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe usiiweke juu ya moto wenyewe. Ikishayeyuka, iondoe mbali na jiko ndipo uchanganye mafuta. Ipake kwa kitambaa, isubiri, isugue mpaka mkono ukuume. Makasia yetu tuliyatunza hivyo hivyo. Kasia lililopakwa nta halikupi malengelenge mkononi.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa, hasa nyinyi wenye nyumba za nyasi na maturubai. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, ukikikunja na kukitupa kwenye kona, kinaweza kupata joto chenyewe na kushika moto bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke kikiwa wazi, au kiloweke ndani ya maji. Sitaki mpini mmoja utuchomee mtaa.

MTANGAZAJI: Je, kote ni rangi na nta?

FUNDI: Hapana, kila maji na dawa yake. Wenzetu wa pwani ya bahari, Lamu na kwingineko, wana mdudu baharini anayetoboa mbao. Kwa hiyo jahazi lao hupakwa chini deheni, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, na juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Ubao unang'aa vizuri sana, na unanuka vizuri sana pia. Ziwani kwetu mdudu huyo hayupo. Adui wetu ni mvua na uvivu.

Na kuna chombo mnachokijua. Wale waliotoka Burundi mwaka 2015, wakakwama pale Kagunga, wengi wenu mlibebwa na meli ya Liemba mpaka Kigoma. Meli ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma. Mwaka 1916, katika ile vita kuu ya kwanza, Wajerumani walipokuwa wanakimbia waliizamisha wenyewe ziwani isichukuliwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nene. Ikakaa chini ya maji miaka. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Grisi haing'ai, tena inachafua nguo. Lakini fundi aliyeipaka alikuwa anafikiria siku ya kurudi.

MTANGAZAJI: Umesema kuhusu kisu. Tueleze, maana wapo wanaojiandaa kurudi nyumbani na wanafikiria kununua boti.

FUNDI: Nilikuwa na jirani hapa, Mrundi, mtu wa Rumonge. Alirudi kwao na akiba yake yote, akanunua boti iliyopakwa upya. Mwezi wa pili, usiku, ubao mmoja uliachia. Wenzao waliokuwa karibu waliona taa inazama wakawakimbilia. Watu walipona wote, Mungu ni mwema. Nyavu, taa na mashine vilikwenda chini, na deni likabaki juu. Alinipigia simu kunisimulia. Mimi nilinyamaza muda mrefu, nikikumbuka rangi yangu ya buluu.

Kwa hiyo nenda asubuhi, jua likiwa chini. Simama mwisho wa boti, jicho lako sawa na ubao, utazame kwa urefu wake. Rangi inayong'aa haiwezi kuficha mabonde. Mwanga utapinda pale penye puti nyingi. Ukiona mstari wa kahawia unashuka kama chozi, hapo ndani msumari unaliwa na kutu. Gonga kwa kijiti kuanzia omo mpaka tezi. Ubao mzima unajibu kwa sauti kavu, uliooza unajibu kama unagonga godoro. Omba boti igeuzwe. Ingiza pua yako chini ya viti: ukisikia harufu ya uyoga, ondoka.

Kisha kisu. Usikichome kama mwizi, kikandamize tu kwa ncha, pale mataruma yanapokutana na mkuku, na pale nyuma inapofungwa mashine. Ubao mzuri unakikataa. Mbovu unakipokea, na kisu kinatoka kimelowa. Mwenye boti akikukatalia kisu, amekwisha kukujibu.

Jambo la mwisho, mwambie ajaze maji ndani boti ikiwa nchi kavu. Ikiwa imekaa juani muda mrefu, kama zile zilizokaa mchangani mwaka 2024 Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani miezi mitatu, maji yatatoka kwenye maungio. Usiogope. Mbao zikinywa zitavimba na kujifunga. Yakitoka katikati ya ubao, au kwenye matundu ya misumari, hiyo si kiu.

Wiki iliyopita shemeji yangu, ambaye tayari amerudi Baraka, alinitumia picha kwenye simu. Boti ya kijani, nzuri, inang'aa mpaka unaona mawingu ubavuni. Anaambiwa atoe pesa haraka kwa sababu kuna wateja wengine. Pesa hiyo nusu ni yake, nusu ni ya dada yangu, aliyoipata kwa kuuza vitenge hapa hapa sokoni miaka sita. Nimemwambia asitoe hata senti. Alhamisi alfajiri aende pale ufukweni na kisu kile kile mke wake anachomenyea muhogo, na akishakitumia anipigie.

(Muziki unapanda.)