BOMBA KUUKUU SI BOMBA SAFI

 

Tuseme leo fundi wa vyuma chakavu amekuletea bomba refu la chuma kwa bei ya bure. Moyo unakuambia: hili litaleta maji bustanini, na kipande kitakachobaki nitakipasua niwafanyie ng'ombe hori. Ngoja kwanza, ndugu. Uliza: bomba hili lilipitisha nini?

Wenzetu wa Marekani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Huko, mashine za kusukuma gesi ya asilia ziliwahi kutiwa mafuta yenye kemikali iitwayo PCB. Mafuta hayo yalivuja yakaingia katika mabomba, yakasafiri pamoja na gesi, yakatuama mahali penye bonde. Kutengeneza PCB kulipigwa marufuku huko mwaka 1979, lakini iliyokwisha kuingia mabombani ilibaki humo.

Kwa nini tuiogope? Kwa sababu haiozi upesi. Ikiingia ardhini hukaa miaka mingi. Mnyama akiila huenda kukaa katika mafuta ya mwili, na ng'ombe huitoa katika maziwa. Mwaka 1999 kule Ubelgiji, mafuta yenye PCB yalichanganyika na chakula cha mifugo. Kuku na mayai vikaondolewa madukani.

Basi, sheria ya Marekani inataka bomba la gesi lenye historia hiyo lipimwe kabla ya kuachwa ardhini au kung'olewa. Wanapimaje? Kama ndani mna majimaji, huchota kidogo wakapeleka maabara. Kama ni kavu, huchukua shashi iliyoloweshwa dawa ya kuyeyusha mafuta, wakapangusa ndani ya bomba eneo la sentimeta 10 kwa 10. Kipimo cha hatari ni sehemu 50 katika milioni. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai katika madebe matano ya maji! Likiwa chini ya hapo, na halina majimaji, laweza kuachwa ardhini, ncha zake zikazibwa. Likizidi, husafishwa au hujazwa zege.

Sasa mtasema, "Mimi nitalisuuza kwa sabuni." Hapana, ndugu. PCB haiyeyuki vizuri katika maji, nayo hung'ang'ania kwenye chuma. Kuchoma moto ni vibaya zaidi, maana moshi wake waweza kuwa na sumu kali kuliko yenyewe.

Kwa hiyo shikeni haya: msinunue bomba wala pipa lisilojulikana lilikotoka kwa ajili ya maji au chakula. Msitumie mafuta ya transfoma kuukuu kupaka mifugo wala kukaangia. Na kama bomba la zamani limepita shambani kwako, usilikate. Mwulize mwenye bomba, au ofisi ya kijiji, kama limepimwa.

Rahisi ni ghali, ndugu zangu.