Herufi Moja na Deni la Mtu: Tahajia na Sarufi katika Maandishi ya Biashara



Nimeombwa nizungumzie makosa ya tahajia na sarufi katika Kiswahili cha biashara. Mada hii ina mtego wake. Ni rahisi kuwachekesha wasikilizaji kwa saa nzima kwa kuwasomea mabango ya mitaani, "Tafazali lipa apa" na mengine ya aina hiyo, kisha kila mmoja akaenda zake akijiona msomi. Sikusudii kufanya hivyo. Mwenye duka anayedondosha herufi h ameandika kama anavyotamka. Wateja wake wanamwelewa, na wanalipa papo hapo. Makosa tunayoyacheka aghalabu hayamdhuru mtu. Yenye madhara hupita kimya, kwa sababu neno lililoandikwa ni neno halali la Kiswahili, ila silo lililokusudiwa.

Chanzo chake kimo katika maumbile ya lugha yenyewe. Kiingereza humwita mkopaji kwa neno moja na mkopeshaji kwa neno jingine kabisa. Kiswahili hutumia mzizi mmoja, na kazi ya kuzitenganisha pande mbili za mkataba huachiwa kiambishi. Mdai ni mwenye haki ya kulipwa. Mdaiwa ni mwenye wajibu wa kulipa. Baina yao ipo silabi moja tu. Ndivyo walivyo mwajiri na mwajiriwa, mpangaji na mpangishaji. Vitenzi navyo ni vivyo hivyo: "amelipa" na "amelipwa" vinatofautiana kwa herufi moja, na "amelipia" ni habari nyingine tena.

Tuseme kifungu cha mkataba kinasomeka: "Mdai atawajibika kwa gharama zote za shauri." Ikiwa karani alikusudia "mdaiwa", mzigo wote umehamishwa kutoka bega moja hadi jingine. Programu ya kusahihisha tahajia haitapiga mstari mwekundu, kwani "mdai" limo katika kamusi. Msahihishaji binadamu naye, akiwa na haraka, husoma anachokitarajia. (Wakazi wa Dar es Salaam wanaoandika ukutani "Nyumba hii haiuzwi" ili kuwazuia matapeli wanaijua nguvu ya kauli ya kutendwa kuliko makarani wengi. Ondoa w hiyo, na nyumba imegeuka mfanyabiashara aliyekataa kuuza.)

Upatanisho wa kisarufi una uzito uleule, ingawa mara nyingi tunaufundisha kama pambo la usanifu. Linganisheni "stakabadhi ya mzigo iliyopotea" na "stakabadhi ya mzigo uliopotea". Katika kirai cha kwanza kilichopotea ni karatasi, na mteja anahitaji nakala. Katika cha pili umepotea mzigo, na mteja anadai fidia. Hakuna kinachozitenga habari hizo mbili isipokuwa viambishi vya ngeli. Sasa mpeni barua hiyo mwandishi aliyezoea kutumia "ambayo" kwa kila nomino: "stakabadhi ya mzigo ambayo imepotea". Kisarufi sentensi ni safi. Lakini msomaji anayeijua tabia ya mwandishi huyo hawezi tena kujua kilichopotea ni nini, na kampuni ya usafirishaji isiyopenda kulipa fidia itachagua tafsiri inayoifaa.

Matamshi nayo huleta mkanganyiko. Asiyetofautisha th na s huandika "samani" pale alipotaka "thamani". Benki inayochukua dhamana ya thamani ya nyumba na ile inayochukua dhamana ya samani za nyumba hazishiki kitu kimoja.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya wanasheria. Zamani hoja hiyo ilikuwa na nguvu kiasi, kwa kuwa mikataba mingi mikubwa iliandikwa kwa Kiingereza, nacho Kiswahili kikabaki kwenye risiti na matangazo. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Hakimu anayeutafsiri mkataba wa Kiswahili atategemea mofimu hizihizi tunazozichora ubaoni katika somo la unyambulishaji, na upande utakaoshindwa utalipa.

Hata hivyo, vitabu vyetu vya mawasiliano ya kibiashara bado hutumia kurasa nyingi kuelekeza mahali pa kuweka anwani, tarehe na sahihi. Mimi ningependa mwanafunzi apewe mkataba wa kupanga chumba wenye vifungu kumi, vitatu vikiwa vimebadilishwa kiambishi kimoja kimoja, kisha aulizwe swali moja tu: nani anamlipa nani?