Hasira Penye Maji
Somo: Hesabu 20:1-13



Leo nataka tuseme juu ya mambo madogo. Makubwa tunajua namna ya kuyapeleka kwa Mungu. Mtoto akigonjwa sana, tunafunga. Vita vikikaribia, tunakesha. Lakini umeme ukikatika wakati nguo za ibada hazijapigwa pasi, au mwenye duka akikataa noti yako ya dola kwa sababu imepasuka kidogo pembeni, nani kati yetu anamwita Yesu? Hapo tunajitegemea wenyewe, na hapo ndipo tunaanguka.

Mtumishi wa Mungu Musa alisimama mbele ya Farao. Alivuka bahari. Alivumilia jangwa miaka mingi. Kilichomzuia kuingia Kanaani si Farao wala majeshi. Ni siku moja ya hasira, watu walipomnung'unikia kwa ajili ya maji huko Kadeshi.

Tena angalieni vizuri: Musa hakuwa ameacha kuomba. Siku ile yeye na Haruni walianguka kifudifudi mlangoni pa hema, na utukufu wa Bwana ukawatokea. Mungu akamwagiza aseme na mwamba. Lakini alipofika mbele ya watu, hasira ilimshinda. Aliwaita waasi, akaupiga mwamba mara mbili kwa fimbo. Pengine alikuwa pia na uchungu moyoni, maana Miriamu dada yake alikuwa amezikwa pale pale.

Maji yalitoka kwa wingi, watu na wanyama wakanywa. Hata hivyo Mungu alimwambia kwamba hatawaingiza watu katika nchi ile. Kwa hiyo usiseme, "Nilifoka, lakini kazi ilifanyika." Maji yanaweza kutoka, na wewe ukawa umepoteza.

Mimi ninayesema nanyi nilipigwa na somo hili. Siku moja nilitoka kwenye maombi ya asubuhi nikapitia robine na bidoni zangu mbili. Mstari ulikuwa mrefu. Nilipokaribia, mtoto wa miaka kama kumi akasukuma bidoni yake mbele ya zangu. Niliikamata nikaitupa kando, juu ya mawe. Ikapasuka. Mtoto akaanza kulia: "Mama atanipiga!"

Watu wote walinyamaza. Kati yao alikuwamo mama mmoja ambaye saa moja tu kabla tulikuwa tumeshikana mikono tukiomba pamoja. Hakusema neno. Aliangalia chini. Wapendwa, mahubiri yangu ya mwaka mzima yalimwagika pale.

Nilimwomba mtoto msamaha mbele ya watu wote. Nikampa bidoni yangu moja ikiwa imejaa, kisha nikamsindikiza mpaka kwa mama yake ili nieleze mwenyewe. Ile njia ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda mimbarani.

Sasa tufanye nini? Tumwangalie Nehemia. Mfalme alimwuliza swali gumu wakati anamhudumia divai. Hakukuwa na nafasi ya kupiga magoti wala kufunga siku tatu. Aliomba kwa Mungu wa mbinguni, ndipo akajibu. Ombi lake lilikuwa fupi sana, kati ya swali na jibu. Hilo ndilo ombi tunalolihitaji penye robine, sokoni, kwenye pikipiki ya motari asiye na pesa za kurudisha. "Yesu, nisaidie sasa." Kisha ndipo ufungue kinywa.

Maombi ya asubuhi ni mazuri, msiyaache. Lakini usimwache Bwana hapo kwenye mkeka ulipopiga magoti. Atembee nawe mpaka mahali pa kuudhiwa. Na kama jana ulikosa, leo nenda ukapatane na jirani yako, na mke wako, na mtoto uliyemfokea. Usione haya. Kuomba msamaha hakumpunguzi mtu wa Mungu.

Tuombe: Baba, tunakushukuru kwa kuwa unatuona hata katika mambo madogo. Utusamehe maneno tuliyoyatupa ovyo. Roho Mtakatifu, utukumbushe jina la Yesu kabla hatujajibu. Katika jina la Yesu, amina.