Kumfunga kizazi mbwa jike: pesa huenda wapi

Haya ni maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika baraza la wadi, kabla ya zoezi la chanjo ya kichaa cha mbwa.



Kila mara chanjo inapofika mtaani, kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini. Mwenye mbwa ameshapata kadi yake, foleni inasonga, naye anageuka nyuma: "Daktari, huyu kumfunga kizazi ni pesa ngapi?" Akitajiwa bei, anacheka kidogo na kuondoka. Chanjo imekuwa ya bure, lakini upasuaji unalingana na karo ya mtoto. Kwa mbwa wa kienyeji aliyeokotwa kando ya barabara, nani atatoa pesa hizo?

Chukua mfano wa mama anayeuza mboga karibu na steji. Ana mbwa jike mmoja wa kulinda nyumba na kibanda. Mara ya kwanza mbwa alipozaa, majirani waligombania watoto. Mara ya pili, madume yalichukuliwa na majike yakabaki, kwa sababu kila mtu anajua jike ataleta nini. Mara ya tatu hakuja mtu. Watoto sita walikaa chini ya kibanda wakilia usiku, mwenye nyumba akalalamika, na jioni moja waliwekwa kwenye gunia na kuachwa jaa la taka. Aliyewapeleka ni kijana wa nyumbani, na mama yule hakuuliza ni jaa lipi. Wapo wengi hapa wanaolijua gunia hilo, kwa hivyo hakuna haja ya kumnyooshea mtu kidole.

Mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na wengi huingia kwenye joto mara mbili kwa mwaka. Joto la kwanza huja akiwa kati ya miezi 6 na 12, yeye mwenyewe akiwa bado mtoto. Wale walioachwa jaani, wakiishi, huanza kuzaa kabla ya mwaka kwisha. Hao ndio mbwa koko wa kichinjioni na wa njia ya shule.

Sasa bei. Hakuna bei moja ya nchi nzima, na anayetaka kujua lazima aulize. Bei hubadilika kati ya mji na kijiji, kati ya kliniki na daktari anayekuja nyumbani, na kwa uzito wa mbwa, maana dawa za usingizi hupimwa kwa kilo. Mbwa aliye kwenye joto au mwenye mimba huweza kugharimu zaidi kwa kuwa mishipa ya damu ya kizazi imejaa na kazi ina hatari zaidi. Dume ni nafuu, kwani kuhasi hakuhitaji kufungua tumbo.

Na hapo ndipo watu wengi hawaelewi wanacholipia. Tunasema kufunga kizazi, lakini hakuna kinachofungwa. Daktari hupasua tumbo, huondoa ovari na mji wa mimba, hufunga mishipa ya damu, kisha hushona tabaka kwa tabaka. Ni upasuaji mkubwa, sawa na ule wa binadamu, ila mgonjwa huyu hawezi kusema anaumwa wapi. Pesa zinalipia dawa ya kumtuliza na ya kumlaza, ya maumivu, ya kuzuia vidonda kuoza, nyuzi, glavu, vyombo vilivyochemshwa na kutakaswa, msaidizi wa kuangalia pumzi, na saa za kumsubiri azinduke. Akitaja bei ya chini mno, ulizeni ni kipi kati ya hivyo kimeachwa.

Kwa maana wapo wanaoacha. Kuna mtu anayezunguka na begi, anayejiita daktari, anayefanya kwa nusu bei. Kwa mujibu wa sheria ya madaktari wa mifugo ya mwaka 2011, anayefanya kazi hii lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwenye mbwa ana haki ya kuomba kuona leseni ya mwaka huu, na daktari wa kweli hachukii kuulizwa. Kumtesa mnyama pasipo sababu ni kosa chini ya Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, na kumpasua mbwa aliye macho, amefungwa kamba kwenye mti, ni mateso.

Njia nyingine ya mkato ni sindano ya kupanga uzazi, ile ile ya kina mama, anayodungwa mbwa kila baada ya miezi michache. Ni rahisi kweli. Lakini dawa hiyo inaweza kufanya mji wa mimba ujae usaha, na mbwa mwenye usaha tumboni hufa asipopasuliwa haraka. Wakati huo upasuaji ni ule ule uliokwepwa, ila sasa ni wa dharura, mgonjwa amedhoofika, na bei imepanda.

Turudi kwa mama wa mboga. Tuseme daktari amemtajia shilingi 8,000. Huo ni mfano wa hesabu tu, si bei rasmi ya mtu yeyote. Kwa kipato cha kibanda, shilingi 8,000 kwa mkupuo haziwezekani, na kumwambia kwamba "afya ya mnyama ni muhimu" ni kumchosha. Lakini shilingi 200 kwa wiki hufika 8,000 baada ya wiki 40. Madaktari kadhaa hukubali kupokea kidogo kidogo kwa M-Pesa hadi kiasi kitimie. Ni suala la kuuliza na kuandikiana. Anayeanza kuweka akiba mapema zaidi anaweza kuwa tayari kabla ya joto la kwanza, wakati ambapo upasuaji huwa mwepesi.

Kwa upande wa pili, mbwa anayenyonyesha watoto sita hula zaidi ya maradufu. Unga huongezeka, omena huongezeka, watoto wanahitaji dawa ya minyoo tangu wiki ya pili. Gharama hizi hazionekani kwa kuwa hutoka shilingi 50 leo, 70 kesho. Kuna pia uvimbe wa sehemu za siri unaoenezwa kwa kupandana, ambao mbwa wa mitaani wanao sana. Tiba yake ni sindano za kila wiki kwa wiki kadhaa, na kila wiki ina malipo yake.

Njia inayopunguza bei zaidi, hata hivyo, ni majirani kukubaliana. Daktari anayesafiri kwa ajili ya mbwa mmoja humtoza mwenye mbwa huyo mafuta yote ya gari. Akija kwa mbwa 10 siku moja, mafuta yanagawanywa, na msaidizi ni yule yule. Chama kinachonunua viti na sufuria kinaweza kufanya mzunguko mmoja wa mbwa. Wanaoishi karibu na Nairobi wanaweza pia kuulizia shirika la kutetea wanyama la KSPCA huko Karen, au kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete.

Je, hili linamhusu vipi asiyefuga mbwa? Linamhusu kupitia chanjo hii ya leo. Ili kichaa kisienee, mbwa 7 kati ya kila 10 wanapaswa kuwa wamechanjwa. Mtaa wenye mbwa 100 ukichanja 70, umefika. Kisha majike sita yakazaa watoto sita kila moja: mbwa sasa ni 136, waliochanjwa ni wale wale 70, yaani nusu na kidogo. Kazi ya siku nzima imefutika ndani ya miezi miwili, na hakuna aliyefanya kosa lolote. Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mpango huo unategemea hesabu hii ndogo ya mtaani.

Kuwatilia mbwa sumu kumejaribiwa miaka mingi, na jaa likibaki na chakula, wengine huja. Na mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishaonekana kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona.

Swali gumu limeulizwa hapa na linastahili jibu la wazi: kwa nini kaunti isilipe? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kuangalia hali yao, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Kwa hivyo ombi hilo liko mahali pake. Lakini jukumu bila fungu la pesa hubaki karatasini. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Katika vikao hivyo watu huomba barabara, maji na zahanati, na ni haki. Mbwa hawatajwi. Kikundi kikileta ombi lililoandikwa, lenye idadi ya majike ya mtaa na jina la wadi, litaingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Mwisho, kwa aliyekwisha kupanga siku. Mbwa asile kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji. Chakula tumboni humpalia akilala. Akirudi atayumba na kutetemeka, alazwe kwenye gunia kavu mahali pa joto, ndani, mbali na watoto. Asioge. Asiyeweza kununua kola ya kumzuia kulamba kidonda anaweza kumvika fulana kuukuu na kuifunga fundo mgongoni. Akikataa kula baada ya siku moja, akitapika, au kidonda kikitoa damu au usaha, daktari apigiwe simu mara moja. Nyuzi, zikiwa si za kuyeyuka, hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Ulizeni mapema, kabla ya kutuma pesa, kama safari hiyo ya pili imo ndani ya bei ile ya kwanza.